Roki ya indi Nairobi: ukumbi wa mjini au uwanja wa nyasi? Mtazame kwanza anayefungua jukwaa

Mpwa wangu alinitumia mabango mawili kwa WhatsApp Jumanne usiku, moja nyuma ya jingine, na chini yake akaandika neno moja tu: "Anti?"

Nilimwelewa. Yuko mwaka wa pili chuoni, pesa aliyonayo ni ya tiketi moja, na katika ukoo wetu mzima mimi ndiye ninayejulikana kwa kufua nguo huku magitaa yakinguruma hadi jirani apige ukuta. Bango la kwanza lilikuwa la Ijumaa, ukumbini, katikati ya jiji, upande ule wa mitaa ya Loita na Monrovia ambako Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, ni majirani. La pili lilikuwa la Jumamosi, uwanja wa nyasi kando ya Barabara ya Lang'ata. Sura yao ilikuwa moja: juu, kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, bendi ya roki ya indi, chini, kwa herufi za kutafutwa na mwenye miwani, msanii wa roki ya kiasili (folk rock) wa kufungua jukwaa. Bei zilikaribiana.

"Zote mbili nazipenda," akaongeza. "Nikikosea nitajuta hadi Desemba."

Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja. Ukawa miwili, ukawa ukurasa. Haya ndiyo niliyomwandikia, pamoja na mengine niliyokumbuka nikiwa nimeshalala.

Jambo la kwanza nililomwambia lilimshangaza: asichague kwa bendi kubwa. Bendi ya indi yenye magitaa mawili ya umeme, besi na dramu itasikika popote utakapoiweka, hata kwenye gereji. Aliye hatarini ni yule wa herufi ndogo, mwenye gitaa la kawaida, au nyatiti, kinubi cha Waluo cha nyuzi nane, au orutu, fidla yao ya uzi mmoja, mkononi. Huyo mahali panaweza kumbeba au kumzika. Na kwa miaka yote niliyolipa kiingilio, sijakumbuka usiku ambao mtangulizi alisikika vizuri kisha bendi kubwa ikaharibika. Kinyume chake nimekiona mara nyingi.

Hao wawili ni nani

Kwa ufupi, maana mpwa wangu anajua nusu na anajifanya anajua yote. Indi, kifupi cha "independent", yaani asiyetegemea kampuni kubwa, lilikuwa jina la biashara kabla ya kuwa jina la muziki. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana walichoka kusubiri kampuni kubwa za sahani za santuri. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakatoa rekodi yao wenyewe Januari 1977, na wengine wakaona kumbe inawezekana. Ukitumia kipimo hicho cha pesa, karibu kila bendi ya roki iliyowahi kupanda jukwaa Nairobi ni ya indi: Murfy's fLaw, Parking Lot Grass, Rash, Crystal Axis. Hakuna kampuni kubwa iliyokuwa ikiwasubiri mlangoni. Walikuwa na mashabiki wao, na kwa muda walikuwa na X FM kwenye 105.5, redio iliyotufanya baadhi yetu tumwombe dereva wa matatu abadilishe stesheni, naye akatutazama kama tumemwomba auze gari.

Roki ya kiasili nayo husimuliwa kuanzia Marekani, mwaka 1965, Bob Dylan alipopanda jukwaa la Newport na gitaa la umeme na baadhi ya watu wakamzomea. Sawa. Lakini huku kwetu kitendo hicho cha kuhamisha wimbo wa kijijini kwenye nyaya hakikuhitaji mzomeo. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa akipiga gitaa kwa vidole huku mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta kushika mdundo. Wapiga benga, muziki wa dansi wa Waluo, walichukua mwendo wa nyatiti wakautia kwenye gitaa la umeme, na hadi leo ukisikiliza gitaa la solo la benga unasikia nyuzi nane zikiongea chini yake.

Na kama mtu atakwambia kwamba nyatiti na indi ni ndoa ya kulazimishwa, mtajie bendi ya Extra Golden. Mwaka 2004 Ian Eagleson, Mmarekani aliyekuja kusomea benga, pamoja na Alex Minoff, mwenzake katika bendi ya roki ya Golden, walirekodi hapahapa Nairobi na wapiga benga Otieno Jagwasi na Onyango Wuod Omari. Jagwasi alifariki mwaka uliofuata. Albamu ilitoka 2006, na ndani yake huwezi kuonyesha kwa kidole benga inaishia wapi na roki inaanzia wapi. Kwa hiyo mabango yote mawili ya mpwa wangu yalikuwa na mantiki. Kilichobaki ni mahali.

Sauti, ambapo mengi huamuliwa

Ukumbini kuta hurudisha sauti. Hii ni neema na ni balaa. Ni neema kwa mtangulizi: mtu mmoja na gitaa lake anapata usaidizi wa ukuta bila kulipia, na wewe uliye mstari wa saba unasikia hata ukucha ukigusa uzi. Ni balaa kwa bendi ikiwa ukumbi ni mdogo, kwa sababu dramu hazihitaji maikrofoni kukufikia. Visahani vya dramu vinapopigwa kwa nguvu katika chumba cha saruji, fundi wa sauti analazimika kupandisha mwimbaji ili ashinde visahani, mpiga gitaa naye anajipandisha ili amshinde mwimbaji, na kufikia wimbo wa nne kila mtu anapiga kelele kama soko la Gikomba alfajiri.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kwenye kumbi za burudani sauti isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Ukumbini huna pa kukimbilia ikizidi. Kwenye nyasi unarudi hatua ishirini nyuma na mambo yanatulia.

Kuna siri nyingine ya ukumbi ambayo mafundi wanaijua na wanunuzi wa tiketi hawaijui: watu ni magodoro. Miili na nguo hunyonya mwangwi. Ukumbi uliojaa nusu huvuma kama tangi tupu, na fundi aliyepima sauti mchana viti vikiwa vitupu anakutana na ukumbi mwingine kabisa usiku. Ukiona tiketi zinauzika polepole wiki ya mwisho, jua kwamba mwangwi nao unakuja.

Uwanja wa nyasi hauna mwangwi, na ndipo watu hudhani umeshinda. Haujashinda. Pasipo ukuta wa kuirudisha, sauti inaondoka zake. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, unapoteza karibu desibeli sita. Upepo ukivuma, sauti nyembamba ndizo zinazopeperushwa kwanza: maneno, nyuzi, filimbi. Besi inabaki, na inafika mpaka kwa watu waliolala mtaa wa pili ambao hawakununua tiketi. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani utaona fimbo ya dramu ikishuka na kusikia mlio karibu theluthi ya sekunde baadaye, maana sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde na haina haraka zaidi ya hapo. Kwa bendi ya indi hilo halidhuru sana. Yale mawimbi ya magitaa yao yanayotiririka hupendeza hewani, usiku, yakiwa na nafasi. Kwa mtu anayesimulia kisa kwa Kijaluo au Kiluhya akiandamana na nyuzi nane, maneno ndiyo wimbo, na maneno ndiyo yanayochukuliwa na upepo.

Ongeza jambo la Lang'ata hasa: Uwanja wa Ndege wa Wilson uko hapo karibu. Ndege ndogo hupita mchana, na mchana ndiyo saa ya mtangulizi. Bendi kubwa ikipanda usiku anga imenyamaza. Sijui kama waandaaji huliona hilo. Mimi huliona kila nikienda.

Niliwahi kushuhudia mpiga nyatiti akizikwa hivyo. Uwanja sitautaja. Nyatiti ina kisanduku cha mti kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi hiyo, sauti ikipandishwa sana, hupokea mlio wa spika na kuurudisha, nao unarudi tena, mpaka spika zipige mluzi wa kukata masikio. Fundi akapandisha, mluzi. Akashusha, nyatiti ikapotea. Akapandisha tena, watu wakaziba masikio na kucheka. Mzee yule alipiga nyimbo tatu huku akimtazama fundi kuliko alivyotutazama sisi, kisha kijana mwenye kadi shingoni akamwonyesha saa ya mkononi. Nilikuwa nimelipa kumsikiliza yeye. Bendi kubwa ilipopanda saa tatu baadaye, kila kitu kilinyooka kama hakuna kilichotokea, na marafiki zangu waliokuja jioni wakasema sauti ilikuwa safi sana.

Macho

Hapa sikumwandikia mengi, ila moja alilipenda. Mpiga nyatiti hukaa chini, kwenye kigoda kifupi. Mguuni amefunga njuga, gara, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayogongea chombo chenyewe. Nusu ya mdundo iko mguuni. Sasa fikiria uwanja tambarare, watu wamesimama, wa mbele yako ana kofia pana na ameinua simu anarekodi. Utaona kichwa cha mpigaji kikitikisika, basi. Ukumbini, ukiwa umekaa na yeye ameinuliwa jukwaani, unaona kidole gumba kikifanya kazi, na hapo ndipo mtu aliyezoea roki tupu anapoelewa kwamba huyu mzee ni mpiga dramu pia.

Lakini haki itendeke. Viti vilivyofungwa sakafuni ni adhabu kwa bendi itakayofuata. Nimeketi kwenye kumbi za maigizo nikisikiliza roki na ilikuwa kama kula mutura kwa uma. Kumbi nzuri kama Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk, zilijengwa kwa ajili ya watu wa kutulia. Wimbo unaotaka uruke unakukuta magoti yamebanwa, jirani wa kushoto ameweka mkoba mapajani, na mlinzi amesimama kwenye njia akihakikisha hakuna anayeziba njia. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: viti vinatolewa, au vinabaki? Ukumbi unaotoa viti vya mbele na kuacha vya nyuma ndio ninaoutafuta, kwa sababu mwenye kuruka anaruka na mwenye miaka yangu anaketi.

Saa iliyoandikwa na saa yenyewe

Uwanja wa nyasi hufungua lango mchana. Mtangulizi hupangwa saa tisa, jua likiwa bado linachoma, mbele ya mahema ya vinywaji na watoto watatu wanaokimbizana. Wenye mji huanza kuingia saa kumi na moja. Ukitaka kumsikia mtangulizi ni lazima uwe mtu wa ajabu anayefika mapema, na ukifika mapema unakaa saa sita au saba kabla ya bendi uliyoifuata. Saa sita zinahitaji chakula, maji, choo cha kuhamishwa chenye foleni, na mtu wa kuzungumza naye.

Ukumbini bango likisema saa moja usiku, mimi hujipanga kwa saa moja na nusu na sijawahi kukosea sana. Kumbi za taasisi zina walinzi wanaotaka kufunga, na hilo hunyoosha kila mtu. Mtangulizi anapata dakika zake arobaini na hadhira ni ile ile itakayobaki. Anapomaliza, vifaa hubadilishwa haraka kwa sababu bendi zote mbili hutumia dramu moja na mara nyingine amplifaya zilezile.

Ratiba ikichelewa kwenye uwanja wa wazi, kuna mtu atakayekatwa, na hatakuwa bendi kubwa. Nchi hii ina kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Mwenye kupita kiwango anahitaji leseni, na majirani siku hizi wanajua pa kupiga simu. Mwandaaji anapotazama saa na kuona zimebaki tatu, anahesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Mtangulizi yuko mwisho wa hesabu hiyo.

Kurudi nyumbani

Swali hili watu huliuliza wakiwa tayari wamevaa viatu. Shoo ya mjini ikiisha saa nne usiku, kutoka Loita unatembea hadi Kencom au Odeon, na matatu bado zinaita. Wa Buruburu, wa Githurai, wa Kawangware, kila mmoja anafuata steji yake. Tembeeni kwa kundi, simu iwe mfukoni, na msisimame kona kubishana wimbo upi ulikuwa bora. Hilo mlimalizie ndani ya gari.

Lang'ata ni hadithi ya nani unakaa wapi. Mtu wa Rongai anafurahi: 125 na 126 zinapita barabarani hapo, ingawa usiku hutoka Railways zikiwa zimejaa na makanga hataki hata kukutazama. Mtu wa Kasarani au Umoja ana safari mbili, kuingia mjini kisha kutoka. Anayetegemea Bolt au Uber au Little atakutana na maelfu ya wenzake wakibonyeza simu dakika ileile bendi inapoaga, na bei inapanda huku akiitazama. Mimi huondoka wimbo mmoja kabla ya mwisho. Ndiyo, najua. Nimekosa nyimbo za mwisho nzuri, na nimelala mapema kuliko waliozisikia.

Kwa upande wa pesa, kadiri ninavyojijua, Jumamosi ya nyasi hunigharimu karibu mara mbili ya bei iliyo kwenye tiketi, kwa sababu ya nyama choma, maji, kinywaji, na gari la kurudi. Hairuhusiwi kuingia na chakula chako mara nyingi, na lango lina mtu wa kupekua mkoba. Ijumaa ya ukumbini huongeza nauli na chai, na labda smokie na kachumbari kwa yule wa mkokoteni nje. Mwanafunzi ahesabu hivyo, asihesabu tiketi pekee.

Mvua na baridi

Aprili na Novemba, nyasi ni bahati nasibu. Udongo mweusi wa upande ule ukilowa hunata kiatuni hadi urefuke inchi mbili. Julai hakuna mvua lakini kuna ile baridi ya usiku inayoingia mfupani, na umande unapanda kupitia shuka uliyokalia. Beba koti hata kama mchana ulikuwa na jua la kukaanga yai. Ukumbini tatizo ni kinyume chake, jasho, na haliui mtu.

Na baa?

Aliuliza, maana kuna rafiki yake aliyemwambia shoo bora za roki ziko baa, Westlands au Industrial Area. Si uongo. Bendi iko puani pako, hakuna kizuizi, wakimaliza wanakuja kukaa meza ya jirani, na kiingilio mara nyingi ni kidogo au hakuna. Baadhi ya usiku wangu mzuri wa roki ulikuwa kwenye baa zenye dari ya chini na sakafu inayonata. Ila usimpeleke huko msanii wa kiasili ukitegemea kumsikia. Jumamosi kuna mpira kwenye skrini nne, Arsenal wakifunga nusu ya ukumbi inaruka katikati ya ubeti, na mwenye nyatiti anaachwa akitabasamu. Baa ni ya usiku ambao bango lina bendi moja.

Nani umpeleke wapi

Dada yangu, mama yake huyu mpwa, hapendi roki. Nilimpeleka uwanjani mara moja, akatandika shuka ya Kimaasai, akala mbuzi robo kilo, akalala bendi ikipiga, na mpaka leo anasema ndiyo shoo bora aliyowahi kuhudhuria. Kwa mtu wa namna hiyo, mwenye watoto, au kundi ambalo nusu yao wamekuja kupiga gumzo, nyasi haina mpinzani. Hakuna atakayewanyamazisha. Mtoto ana pa kukimbia. Mzee ana kivuli, akiwahi.

Kwa mtu anayekuja peke yake, ukumbi. Hasa kwa mwanamke anayekuja peke yake. Uko kwenye kiti, una mstari na namba, jirani yako ndiye huyo huyo usiku mzima, na mlango unajulikana. Nimekwenda ukumbini peke yangu mara nyingi bila kuwaza. Uwanjani peke yangu nimekwenda mara moja, na nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye mkoba.

Na kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya bendi kubwa tu, asiyejali mtangulizi hata kidogo, ambaye anataka kuruka na kuimba kila neno na kupoteza sauti? Huyo aende kwenye nyasi, afike saa mbili usiku, asonge mbele upande wa kulia au wa kushoto wa meza ya sauti, kwa sababu fundi hupanga sauti kwa masikio yake mwenyewe na aliye karibu naye ndiye anayesikia kile kilichokusudiwa. Ushauri huu ni wa bure na unafaa popote.

Mabango yake mawili

Baada ya kumwandikia yote hayo, nikamwambia afanye kazi moja: atafute video za watangulizi wote wawili, wakiwa jukwaani, si zile za studio. Alirudi baada ya nusu saa.

Wa Ijumaa ni watu wawili, nyatiti na gitaa la kawaida, mmoja ameketi chini kabisa. Wa Jumamosi ni bendi ya watu sita: dramu, besi, magitaa mawili ya umeme, na kijana wa orutu aliyeunganisha chombo chake moja kwa moja na meza ya sauti, bila maikrofoni ya mbele.

Hapo kipimo changu kikanigeuka. Watu wawili kwa ukumbi, sita kwa uwanja: waandaaji wote wawili walikuwa wamejua wanachofanya. Orutu ile, kwa kuunganishwa vile, haingelia mluzi kwa urahisi, na nyuma yake ilikuwa na dramu za kuibeba juu ya upepo na juu ya ndege za Wilson. Kama angekuwa na wapiga nyatiti wawili kwenye nyasi ningemwambia achane nayo bila kufikiri. Sasa nilikuwa na sare.

Nikarudi kwenye mabango. La Ijumaa limeandika saa ya mtangulizi na saa ya bendi, kila moja kwa mstari wake. La Jumamosi limeandika saa ya lango tu. Kwangu mimi hilo lina uzito: asiyeandika saa ya mtangulizi amejiachia nafasi ya kumkata. Tena bweni lake haliko mbali na Loita, na wanakwenda watano, wanarudi watano. Lang'ata angerudi kwa gari la kulipia, na pesa ya gari hilo hana, angenipigia mimi.

"Kwa hiyo Ijumaa," akaandika.

Nikamwambia Ijumaa. Nikamwambia pia kwamba kama ningekuwa ninakwenda na mama yake, ningechagua Jumamosi bila kutazama video yoyote, na tungefika saa tisa kumsikiliza kijana wa orutu, shuka ikiwa tayari imetandikwa. Akacheka kwa herufi nyingi.

Alilipa usiku huohuo kwa M-Pesa, akanitumia picha ya ujumbe kama ushahidi. Dakika tano baadaye akauliza kama ukumbi wanatoa viti au wanaviacha, na kama vizibo vya masikio vinauzwa duka la dawa au ni hadi supamaketi. Viti sijui, nikamwambia, piga simu uulize. Vizibo, duka la dawa wanavyo. Nunua jozi mbili, maana mmoja kati ya hao wanne atasahau vyake.